Gauguin: Dalali wa hisa aliyejifunza kuchonga nyumbani, akaishia kwenye tiki za Pasifiki

Tuseme una kazi ya maana mjini. Mshahara unaingia kila mwezi, kodi ya nyumba haikusumbui, na wikendi ikifika una saa zako mbili tatu za kufanya unachopenda. Wapo wanaocheza gemu, wapo wanaofuatilia mpira, na wapo wale wachache wanaonunua patasi, wakaokota kipande cha gogo na kuanza kuchonga barazani huku majirani wakijiuliza kelele hizo ni za nini.

Kama wewe ni wa kundi hili la mwisho, au unafikiria kujiunga nalo, yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yatakuvutia na kukuudhi kwa kiasi sawa. Anaitwa Paul Gauguin. Huenda umemsikia kama mchoraji, yule wa picha za wanawake wa Tahiti zinazouzwa kwa mamilioni ya dola. Lakini Gauguin alikuwa mchongaji pia, na uchongaji aliuanza kama burudani ya nyumbani akiwa na kazi ya ofisi. Baadaye akawa mmoja wa Wazungu wa kwanza kuchonga sanamu za mbao kwa kuiga tiki, zile sura za watu wa visiwa vya Pasifiki zenye macho makubwa, mdomo mpana, mikono tumboni na magoti yaliyokunjwa.

Alizaliwa Paris mnamo Juni 7, 1848. Baba yake, mwanahabari, aliamua kuihamishia familia Peru mwaka uliofuata kwa sababu ya siasa, akafia njiani melini. Mama akaendelea na safari akiwa na watoto wawili, na kwa miaka kadhaa Paul mdogo akalelewa Lima katika nyumba ya jamaa tajiri wa mama yake. Mama huyo alikuwa akikusanya vyungu vya kale vya Waperu wa asili, vyombo vyenye sura za watu na wanyama. Mtoto alivitazama vyombo hivyo kila siku kabla hajajua kusoma, na ukitazama kazi alizofanya akiwa mtu mzima, utaviona vimerudi.

Ujana wake niupitie haraka. Walirudi Ufaransa, akasoma, na mwaka wa 1865 akajiunga na meli za biashara kisha jeshi la wanamaji. Mama alifariki 1867 kijana akiwa mbali baharini. Aliporudi nchi kavu, mlezi wake, Gustave Arosa, tajiri aliyependa kununua picha, alimtafutia kazi kwa madalali wa soko la hisa jijini Paris. Ndio, hata enzi hizo kujuana kulisaidia.

Na kazi aliiweza, si mchezo. Mwaka wa 1873 akamwoa Mette Gad, mwanamke kutoka Denmark, na wakajaliwa watoto watano. Kufikia 1879 alikuwa akitia mfukoni takriban faranga 30,000 kwa mwaka, hela ambazo mfanyakazi wa kawaida wa Paris aliziona kwenye ndoto tu. Ofisini alikuwa na rafiki aliyeitwa Émile Schuffenecker ambaye naye alipenda kuchora, wakawa wanaenda pamoja kujifunza saa za mapumziko. Jumapili alikuwa akichora na mzee Camille Pissarro, mmoja wa wale wachoraji waasi wa kundi la impreshonisti.

Sasa sikiliza jinsi alivyoingia kwenye uchongaji, maana hapa ndipo pana somo kwa yeyote anayedhani ni lazima kwanza uende chuo. Mwaka wa 1877 familia ilihamia mtaa wa Vaugirard. Mwenye nyumba wao, Jules Bouillot, alikuwa fundi wa kuchonga marumaru. Wewe ukihamia nyumba mpya, mwenye nyumba unamjua kwa kodi na mita ya maji. Gauguin alimfuata wa kwake karakanani na kuomba afunzwe. Akachonga kichwa cha mkewe, kisha cha mwanawe wa kwanza, Émil, vyote kwa marumaru. Wataalamu wanaamini kwamba kile cha Mette kilipitia mikononi mwa Bouillot zaidi ya mwanafunzi wake, na hilo halishangazi, kwani marumaru haisamehe mtu anayebahatisha. Mwaka wa 1879 kichwa cha Émil kikawekwa kwenye maonyesho ya kundi lile la waasi. Miaka miwili tu tangu ashike patasi!

Halafu akaiacha marumaru na kugeukia mbao. Nadhani huu ndio uamuzi uliomfanya awe mchongaji wa kweli. Marumaru ilihitaji karakana, vumbi lake ni balaa, na ilihitaji fundi wa kumsimamia. Mbao ingechongwa sebuleni. Mwaka wa 1881 alionyesha mwanamke mdogo wa mbao akitembea, kasanamu kakavu kasicho na urembo, pamoja na kichwa cha mwimbaji alichokichonga kwenye kibao cha duara cha mahogani na kukipaka rangi. Mwaka wa 1884 akachonga kisanduku cha mbao ya mpea, nje kina wacheza densi, na ukifunua kifuniko unakutana na umbo la maiti limelala ndani. Hebu fikiria mgeni amekuja kunywa chai, anafungua kisanduku akidhani ni cha sukari.

Aliendelea hivyo maisha yake yote: kila kilichokuwa karibu naye na kilichotengenezwa kwa mbao kilikuwa hatarini. Alichonga kabati. Alichonga fimbo za kutembelea. Alipoishi na wakulima wa Brittany, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, alichonga na kupaka rangi viatu vyake vya mbao, vile vya kikulima vinavyofunika mguu mzima, binamu wa mitalawanda yetu ya pwani. Viatu hivyo sasa vipo kwenye jumba la makumbusho huko Washington. Kwa anayeanza, hii ni njia nzuri kuliko kungoja gogo la maana na pesa za kulinunua. Mwiko wa kusongea ugali uliopasuka unatosha kwa jioni ya kwanza.

Mambo yakaharibika mwaka wa 1882. Soko la hisa la Paris liliporomoka baada ya benki kubwa kuanguka, na mwaka uliofuata Gauguin akawa nje ya ofisi. Kuna hadithi tamu mitandaoni kwamba huyu ni shujaa aliyeitupa tai akafuata ndoto yake. Ukweli hauna utamu huo. Ndoto ilikuwepo, lakini na soko nalo lilimsukuma, na alidhani picha zitauzwa haraka kama hisa. Hazikuuzwa. Wakahamia mji wa Rouen kwa sababu maisha yalikuwa rahisi, kisha Copenhagen kwa familia ya Mette, ambako alijaribu kuuza maturubai kwa watu ambao lugha yao hakuijua. Mette akawa anafundisha Kifaransa ili watoto wale. Katikati ya 1885 Gauguin akarudi Paris na mtoto mmoja, Clovis. Baridi ya mwaka huo ilimkuta akibandika mabango kwa malipo ya kutwa huku mtoto akiwa mgonjwa. Yule wa faranga 30,000.

Ndoa haikuvunjwa rasmi, ila hawakuishi pamoja tena. Nakwambia hili mapema ili usije ukalisahau tukifika kwenye minazi na bahari ya buluu.

Miaka iliyofuata alikuwa mtu wa kuhangaika. Alifinyanga vyungu vya ajabu Paris, akaenda Panama mwaka wa 1887 na kuishia kuchimba kwenye mfereji kama kibarua, akapita Martinique, akaugua, akarudi. Mwishoni mwa 1888 aliishi wiki tisa na Vincent van Gogh mjini Arles, na kisa cha sikio la Vincent unakijua. Mwaka wa 1889 Paris iliandaa maonyesho makubwa ya dunia, ndiyo yaliyojengewa mnara wa Eiffel. Ufaransa ilileta watu na nyumba kutoka makoloni yake ili wananchi waende kutazama. Gauguin alizunguka humo siku nyingi, akanunua picha za mahekalu ya Java, na akili yake ikaanza kusafiri kabla ya miguu. Mwaka huohuo akachonga ubao mkubwa wa mlinde, wenye maneno ya kejeli kuhusu mapenzi na furaha, na sura yake mwenyewe pembeni kama shetani.

Februari 1891 aliuza picha zake kwa mnada, akapata karibu faranga 10,000, akamuaga Mette na watoto, na Juni 9 akashuka bandari ya Papeete, kisiwani Tahiti.

Alitarajia nini? Alitarajia kuona miungu ya mbao kila kona. Alichokuta ni makanisa, maofisa wa kikoloni, na nguo ndefu za kimishonari zinazofunika mwili hadi kwenye vifundo vya miguu. Siku chache baada ya kufika, mfalme wa mwisho, Pomare V, akafariki, na Gauguin akashuhudia mazishi yake. Sanamu za kale, ambazo Watahiti huziita ti'i, zilikuwa zimeondoka miaka 70 hivi nyuma. Mfalme Pomare II alipobatilisha dini ya mababu, sanamu nyingi zilichomwa moto, na zile za ukoo wake alizikabidhi kwa wamishonari mwaka wa 1816, zikapelekwa London kama ushahidi wa ushindi. Kwa hiyo ukitaka kuona miungu ya Tahiti mwaka wa 1891, ulipaswa kupanda meli kurudi Ulaya!

Basi alifanya nini? Alisoma kitabu. Mwaka wa 1892 mwanasheria mmoja tajiri wa kisiwani alimwazima kazi ya Jacques-Antoine Moerenhout, balozi na mfanyabiashara aliyeishi Tahiti zamani na kuandika hadithi za wenyeji kabla hazijasahaulika. Gauguin alinakili kurasa nzima. Simulizi za mungu wa kike wa mwezi, Hina, akimsihi Te Fatou awaruhusu wanadamu kufufuka, na Te Fatou akakataa, alizitoa humo. Baadaye aliandika kana kwamba alisimuliwa usiku na mwenza wake kitandani. Weka hilo akilini unaposoma kitabu chake, Noa Noa. Ni mchanganyiko wa kweli na chumvi, na chumvi si kidogo.

Kwa umbo la sanamu zenyewe, alichunguza vitu vidogo vya visiwa vya Marquesas ambavyo Wazungu wa Papeete walikuwa wamevikusanya: mapambo ya masikio, marungu, vyombo vyenye nyuso za tiki. Alivinakili kwa penseli. Kisha akachukua patasi.

Hapa nataka tuketi kidogo, kwa sababu mbinu yake ni ya mtu anayejifunza nyumbani. Kazi zake nyingi za Tahiti ni vigogo vya mviringo vyenye urefu wa kama mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole. Ile ya Hina na Te Fatou, ambayo sasa iko Toronto, ina sentimita 32 na ushee. Hakuuvunja mviringo wa gogo. Aliliacha libaki gogo, akachonga sura kuzunguka ganda lake, kwa hiyo ni lazima uligeuze mkononi ili uisome hadithi. Kwa mwanafunzi hii ina faida kubwa: ukichonga mkono uliochomoza nje, nyuzi za mti zitakatika na mkono utaanguka sakafuni. Ukiuacha mkono umelala tumboni, kama tiki wa kweli, gogo lenyewe linaushikilia. Wachongaji wa Pasifiki walilijua hilo karne nyingi kabla yake. Ile mikono tumboni ina maana yake ya kimila, na ni akili ya fundi pia.

Mbao aliyoitumia sana ni tamanu. Usidhani ni mti wa kigeni. Ni uleule mtondoo wa pwani yetu, unaoota karibu na bahari kutoka Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, na mafundi wa majahazi wanaujua vyema. Mwingine ni toa, ambao ni mvinje, mti mgumu kama chuma. Wa tatu ni miro, ambao Wafaransa waliuita mti wa waridi. Katika Noa Noa anasimulia kupanda mlimani na kijana wa kijijini kutafuta huo wa waridi kwa ajili ya kuchonga, wakifuata mto, mpaka mikono yake ikatoka damu kwa kukata. Kama ilitokea hivyo au la, jambo moja ni hakika: aliyejua mti ulipo ni yule kijana.

Sanamu mbili za wakati huo ningependa uzitafute picha zake. Moja, ya mtondoo, ina mungu aliyeketi kama Buddha na lulu kwenye paji la uso. Amepakwa rangi na dhahabu. Nyingine, ya mvinje, ina kombe la lulu linalong'aa nyuma ya kichwa kama mwezi. Zote ziko kwenye jumba la Orsay, Paris. Ukiwa na macho makali utagundua kwamba hakuna mungu wa Tahiti aliyewahi kuwa na sura hiyo. Ni Java kidogo, Marquesas kidogo, na Paris iliyobaki. Alikuwa anajitengenezea dini ambayo hakuna aliyemkabidhi.

Na sasa lile jambo gumu. Akiwa kijiji cha Mataiea, mwanamume huyu wa miaka 43 alimchukua msichana aliyeitwa Teha'amana kuwa mke. Alikuwa na takriban miaka 13. Aliporudi kisiwani safari ya pili, akamchukua Pahura, wa miaka 14 hivi. Na kule Marquesas, Vaeoho, 14 vilevile, aliyetolewa shule ya watawa. Wapo wanaojitetea kwa niaba yake kwamba sheria za koloni ziliruhusu na wazazi walikubali. Sheria hiyo ilitungwa na akina nani, na mzazi angemkatalia Mzungu mwenye zawadi kwa nguvu gani? Mimi simwoni msanii na mpenzi wake hapo. Namwona mtu mzima aliyetumia nafasi ambayo koloni lilimpa, na watoto waliobaki na mimba wakati yeye anasonga mbele. Makumbusho makubwa ya dunia siku hizi yanaandika umri wa wasichana hao kando ya picha. Ni sawa yaandike.

Alirudi Ufaransa Agosti 1893. Novemba akafanya maonyesho ya picha zaidi ya 40 na sanamu mbili za tiki zake. Watu walicheka, wakanunua 11 tu. Mwaka uliofuata alipigana na mabaharia huko Brittany, mguu ukavunjika karibu na kifundo, na mguu huo haukupona hadi kufa. Akafinyanga kwa udongo sanamu moja ya kutisha aliyoiita Oviri, neno la Kitahiti lenye maana ya mwitu, mwanamke mwenye macho makubwa akikanyaga mbwa mwitu. Kisha akaondoka jumla.

Njiani, Agosti 1895, meli ilimwacha Auckland, New Zealand, kwa siku kama kumi akingoja nyingine. Alikwenda kwenye jumba la makumbusho na kwa mara ya kwanza akakutana na uchongaji wa Wamaori uliokamilika: nguzo za nyumba, maghala, mababu wenye macho ya kombe na ulimi nje. Alichora kila alichoweza. Baada ya miaka minne ya kuchonga tiki kwa kubahatisha, sasa alikuwa mbele ya mafundi. Na bado hawakuwa hai mbele yake. Walikuwa nyuma ya vioo.

Miaka ya Tahiti ya pili ilikuwa ya madeni, hospitali na vidonda vya mguu. Mwaka wa 1897 barua ya Mette ilimfikia: binti yao Aline, aliyempenda kuliko wote, amekufa kwa nimonia akiwa na miaka 19. Gauguin akamwandikia mkewe barua ya ukali na uhusiano wao ukaishia hapo. Mwaka wa 1898 alilazimika kurudi ofisini, safari hii kuchora ramani katika idara ya ujenzi kwa faranga sita kwa siku.

Kilichomwokoa ni mkataba na mfanyabiashara wa picha, Ambroise Vollard, aliyekubali mwaka wa 1900 kumtumia faranga 300 kwa mwezi. Kwa pesa hizo akahamia Septemba 1901 mbali zaidi, kisiwa cha Hiva Oa katika Marquesas, nyumbani kwa tiki. Upande wa pili wa kisiwa hicho, bonde la Puamau, kuna tiki wa mawe aitwaye Takaii mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, bado amesimama. Lakini watu wenyewe walikuwa wanamalizika. Tangu Ufaransa ilipotwaa visiwa hivyo mwaka wa 1842, maradhi yaliyoletwa na meli yalikuwa yameua vijiji vizima, na tatuu na ngoma za mila vilikuwa vimepigwa marufuku. Wachongaji wachache waliobaki walikuwa wakitengeneza mabakuli na marungu ya kuwauzia wageni.

Huko kijijini Atuona alijenga nyumba ya ghorofa, na kiwanja alikinunua kwa misheni ya Kikatoliki. Ili auziwe, alihudhuria misa kila Jumapili kwa bidii. Alipokipata, kanisani hakuonekana tena. Mlango wa chumba cha juu aliuzungushia mbao tano alizozichonga na kuzipaka rangi: uchi, majani, ndege, nyuso. Juu kabisa akachonga jina, Maison du Jouir, yaani Nyumba ya Starehe. Mbao hizo si za kisiwani. Ni sekwoia, mti wa Marekani uliokuja melini kama mbao za ujenzi. Naipenda sana habari hiyo. Mtu aliyezunguka nusu ya dunia kutafuta mti wa kimungu alichonga kazi yake kubwa kabisa kwenye mbao za duka la vifaa vya ujenzi.

Askofu Joseph Martin hakufurahi. Gauguin akamjibu kwa patasi: alichonga sanamu ya mti wa miro ya askofu mwenye pembe za shetani, akaipa jina la Baba Paillard, yaani baba mzinzi, na kando yake mwanamke aliyeitwa Thérèse, ambaye kijijini ilisemwa ndiye kimada wa askofu. Akazisimamisha zote mbili mbele ya nyumba, kila mpita njia azione. Mzaha wa aliyekuwa akiishi na msichana wa miaka 14, kumbuka.

Lakini si mzaha tu. Aliwaambia wenyeji wasilipe kodi ambazo hawakupata chochote kutokana nazo, na akagundua kwamba sheria ililazimisha shule ya bweni ya misheni kwa watoto waliokaa ndani ya kilomita nne tu, akawatangazia wazazi wa mbali. Wengi wakawachukua watoto wao. Baada ya dhoruba kubwa ya Januari 1903, jirani yake Tioka alipopoteza makao, alimpa kipande cha kiwanja chake. Alimshtaki askari mmoja kwa ufisadi, na serikali ikamgeuzia kibao: Machi 1903 alihukumiwa kifungo cha miezi mitatu na faini ya faranga 500 kwa kumkashifu. Mtu huyohuyo. Usinitake nikuchagulie upande mmoja wa gogo, maana nalo linageuzwa.

Jela hakuifikia. Alikutwa amekufa kitandani Mei 8, 1903, akiwa na miaka 54, na Tioka alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Akazikwa makaburi ya Kikatoliki mlimani Atuona, si mbali na askofu.

Vitu vyake viliuzwa kwa mnada mjini Papeete ili kulipa madeni. Daktari kijana wa jeshi la majini, Victor Segalen, aliyekuwa akipita, alinunua kadiri mshahara wake ulivyomruhusu, zikiwemo mbao za mlango. Picha moja ya kijiji cha Brittany kwenye theluji ilishikwa juu chini na kutangazwa kuwa maporomoko ya Niagara. Aliipata kwa faranga saba. Mwaka wa 2015, yule Thérèse wa mbao aliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 30.

Tiki naye aliendelea na safari zake. Kuanzia miaka ya 1930 baa za Marekani zilianza kumweka mlangoni kama pambo la vinywaji, na hadi leo wapo watu California wanaochonga tiki kwenye magogo wikendi, nyuma ya nyumba, kwa raha zao. Marquesas kwenyewe watu wameongezeka tena, tatuu zimerudi, na tangu 1987 visiwa hivyo huandaa tamasha la sanaa ambako wachongaji wanaume kwa wanawake huchonga tiki wa mawe na wa mbao kwa ajili yao wenyewe. Mwaka wa 2024 UNESCO iliviorodhesha kuwa urithi wa dunia. Ukitaka kujifunza tiki leo, picha za wachongaji hao zipo mtandaoni kwa majina yao. Anza nao kabla ya Gauguin.

Kabla sijasahau, kuna mtoto wake wa nne, Jean René, aliyezaliwa 1881 wakati baba alikuwa bado na ofisi na patasi yake ya Jumapili. Alilelewa Copenhagen na mama, na baba alimjua kidogo sana. Akawa mchongaji. Mwaka wa 1924, enzi ambazo Olimpiki ilikuwa na mashindano ya sanaa, aliiwakilisha Denmark kwenye michezo ya Paris kwa sanamu ya bondia, akarudi nyumbani na medali ya shaba.